Jiwe la Mpaka na Jirani Mgeni

Masomo: Kumbukumbu la Torati 19.14; Mwanzo 31.43–54, Mathayo 5.23–25

Wapendwa Wakristo, kabla hamjaendelea na makala hii, fungueni Biblia zenu mkasome mafungu matatu yaliyotajwa hapo juu. Msiharakishe. Somo letu la mwezi huu lahusu jambo lililo karibu nasi kuliko tunavyopenda kukiri, nalo ni mpaka wa kiwanja, wigo, na jirani aliyehamia juzi.

Katoro yetu inakua. Wazee wanakumbuka mashamba ya pamba na mihogo kando ya barabara itokayo Geita kwenda Chato. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na wachimbaji wadogo walipozidi kuifuata dhahabu, watu walikuja kutoka pande zote. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Shamba lililokuwa la mtu mmoja sasa limekatwa viwanja kumi. Zamani ilitosha kusema, "Mpaka wangu ni pale kwenye mkonge." Leo kila hatua moja ya ardhi ina bei, na penye bei moyo wa mwanadamu hujaribiwa.

1. Kisa changu mwenyewe

Sitatoa mfano wa mtu mwingine. Nitasema habari zangu, maana mwalimu anayeficha kosa lake hufundisha nusu ya somo.

Upande wa magharibi wa kiwanja changu palikuwa na wigo wa minyaa. Sisi wa Usukumani twaufahamu mmea huu. Kijiti chake ukikichomeka ardhini huota, ng'ombe hawautaki, na utomvu wake mweupe ukiingia machoni huumiza vibaya, hata waweza kupofusha. Ng'ambo ya wigo aliishi mama mmoja mjane. Alipoamua kurudi kwa ndugu zake, alimwuzia kiwanja kijana mmoja mfanyabiashara, mzaliwa wa Kilimanjaro. Tuliishi vizuri. Kila asubuhi tulisalimiana juu ya wigo. Mimi nilimfundisha kusema "Mwangaluka," naye akawa anaanza yeye kabla yangu.

Baada ya miezi michache akaleta tofali na fundi. Fundi akavuta kamba ya msingi, na ile kamba ikapita hatua mbili ndani ya upande wangu. Usiku ule sikulala. Kabla ya mapambazuko nikang'oa vigingi vyote. Kesho yake naye akachukua panga akaikata minyaa, shina baada ya shina. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la kanisa. Tangu siku ile "Mwangaluka" ikakoma. Watoto wakakatazwa kuvuka. Jumapili nikasoma somo la kwanza kanisani kwa sauti nzuri, nikapokea Ushirika Mtakatifu, kisha nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma nisije nikakutana naye.

Nikapeleka malalamiko Baraza la Kata. Nilikwenda na moyo wa mshindi, maana nilikuwa na mashahidi kwamba wigo ule ulikuwapo miaka mingi. Jirani yangu alikuja na karatasi moja, yaani hati ya mauziano. Iliandikwa kwamba kiwanja kina upana wa hatua thelathini. Alipopima alipata ishirini na nane. Wajumbe wakasema, "Twendeni tukaone wenyewe."

Tulipofika, mzee mmoja anayekaa nyuma yetu alitoka akasimama kutazama. Hakuitwa na upande wowote. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwanangu, huu ndio wigo wa baba yako, au ni ule ulioupanda wewe mwaka ule wa moto?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimesahau. Hapana, niseme kweli: nilikuwa nimejifanya nimesahau. Wigo wa baba yangu uliungua. Nilipoupanda upya, yule mama alikuwa Mwanza akimwuguza mumewe hospitalini. Nikajiambia kwamba naunyosha mstari tu. Mstari ule ulinyooka hatua mbili ndani ya ardhi yake. Aliporudi alikuwa mjane. Aliutazama wigo, akanitazama mimi, asiseme neno. Nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni kukubali.

Mzee akaomba jembe. Penye pembe, chini ya visiki vya zamani vyenye alama za moto, likatokea jiwe jeupe. Ndilo jiwe ambalo baba yangu na mume wa yule mama walilizika pamoja.

Nikadhani aibu yangu imekwisha. Kumbe bado. Jirani yangu alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, basi nimemdhulumu yule mama. Nilimzuilia malipo ya mwisho. Nilidhani amenipunja hatua mbili."

Tazameni jinsi dhambi inavyotembea. Nilimwibia mjane ardhi wakati alipokuwa akimwuguza mumewe. Kisha kwa ajili ya wizi wangu akahesabiwa kuwa mwongo, akakosa na fedha yake. Na katika miezi ile yote mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika kuwa nimeonewa. Mithali 23.10–11 yatuonya tusiingie katika mashamba ya yatima, kwa sababu wao wanaye Mtetezi aliye hodari. Nililisoma fungu hilo mara nyingi, nikidhani lawahusu matajiri.

2. Labani na Yakobo

Sasa turudi katika Mwanzo 31. Labani na Yakobo walikuwa wamedanganyana miaka ishirini. Yakobo alitoroka kwa siri na wake zake na mifugo yake, na Labani akamfuata kwa hasira. Mwisho wakakutana mlimani. Wangeweza kupigana. Badala yake walikusanya mawe, wakafanya rundo liwe shahidi kati yao.

Yafaa tuangalie mambo matatu katika habari hiyo.

La kwanza, rundo lile lilijengwa kwa mapatano, huku pande zote mbili zipo. Labani hakulijenga usiku Yakobo akiwa amelala. Alama iwekwayo na mmoja peke yake haiwezi kuitwa shahidi kati ya watu wawili.

La pili, kila mmoja aliliita rundo lile kwa lugha yake. Labani alisema Yegar-sahadutha, na Yakobo alisema Galedi. Maana yake ni moja, yaani rundo la ushuhuda. Hapa Katoro Msukuma, Mzinza, Mha, Mhaya na Mchaga hukaa mtaa mmoja, na kila mmoja ana desturi ya kwao. Mgeni si lazima aache lugha yake ndipo tumwamini. Lililo lazima ni kwamba jiwe liwe moja.

La tatu, walikula chakula pale pale kwenye rundo. Mpaka wao haukuwa mwisho wa ujirani. Kila mmoja aliahidi kutolivuka rundo kwa kumdhuru mwenzake. Kuvuka kwa salamu, kwa kuomba moto au kwa kumwuguza mgonjwa hakukukatazwa.

Basi hili ndilo fundisho letu kubwa: mpaka ni mapatano kabla haujawa ukuta. Ukuta usio na mapatano utabomolewa, kama si leo basi katika siku za watoto wetu. Mapatano yaliyo ya kweli yaweza kulindwa na jiwe moja lililozikwa ardhini.

Tena tukumbuke habari za Nabothi katika 1 Wafalme 21. Ahabu hakuchukua shamba la mizabibu kwa mkono mtupu. Palikuwa na barua zenye muhuri, palikuwa na baraza la wazee, palikuwa na mashahidi wawili. Kila kitu kilikuwa na sura ya haki, na vyote vilikuwa uongo. Mkristo asiseme, "Nina karatasi," akadhani amemaliza. Ajiulize kama karatasi yake yasema kweli.

3. Kanisa na mipaka ya mashamba

Wengine watasema mambo ya viwanja ni ya serikali, si ya kanisa. Kanisa la kale halikufikiri hivyo.

Katika karne ya 5 huko Ufaransa, Askofu Mamertus wa Vienne aliwaongoza watu wake katika maandamano ya kumwomba Mungu, siku tatu kabla ya Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Siku hizo zikaitwa Siku za Rogesheni, yaani siku za kuomba. Huko Uingereza desturi hiyo iliungana na kazi ya kuizunguka mipaka ya parishi. Mwaka 1559, Malkia Elizabeth wa Kwanza aliagiza maandamano hayo ya mipaka yaendelee. Padre na watu wake walitembea mpaka wote, wakasimama penye miti na mawe ya alama, wakasoma na kuomba. Watoto walichukuliwa pia, hata wengine waligongeshwa kidogo kwenye mawe ili wasisahau. Wazee walijua kwamba wao watakufa, na ushahidi utabaki kwa watoto.

Kasisi George Herbert, katika kitabu chake juu ya kazi ya padre wa shamba, kilichochapwa mwaka 1652 baada ya kufa kwake, alitaja faida nne za desturi hiyo. Mungu huombwa ayabariki mazao, haki hulindwa katika mipaka, majirani hutembea pamoja na kupatanishwa kama wamekosana, na maskini husaidiwa. Angalieni kwamba haki na upatanisho viliwekwa katika safari moja.

Tena katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 imo ibada ya Jumatano ya Majivu, ambamo laana za Kumbukumbu la Torati husomwa mbele ya watu. Mojawapo ni laana juu ya mtu aondoaye alama ya mpaka wa jirani yake, na watu wote huitikia Amina. Mimi ningeitikia Amina nikijilaani mwenyewe.

Na kila tunapokaribia Ushirika Mtakatifu, wanaoalikwa ni wale wanaotubu kweli na kukaa katika upendo na jirani zao. Bwana wetu alisema wazi katika Mathayo 5 kwamba sadaka iachwe mbele ya madhabahu kwanza, mtu aende akapatane. Hakusema twende ikiwa sisi ndio tuliokosewa. Alisema tukikumbuka kwamba ndugu yetu ana neno juu yetu. Mimi sikutaka kukumbuka, ndiyo maana niliweza kukaribia.

4. Njia ya sheria

Mkristo hakatazwi kutafuta haki mbele ya serikali. Mtume Paulo alikata rufani kwa Kaisari. Lakini imetupasa kuijua njia, tusije tukapoteza fedha na ujirani bure.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilipitishwa mwaka 1999. Kufuatana nazo, kila kijiji chaweza kuwa na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Kisha lipo Baraza la Kata. Kwa sheria ya mwaka 2002 Baraza la Kata liliweza kuamua mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu. Mwaka 2021 sheria hiyo ilibadilishwa, na sasa kazi ya Baraza la Kata katika mambo ya ardhi ni kupatanisha tu. Shauri haliingii katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka Kata ithibitishe kwamba imeshindwa kuwapatanisha. Siku 30 zikipita bila suluhu, mwenye shauri anaweza kuendelea mbele. Baada ya Wilaya ipo Mahakama Kuu, na mwisho Mahakama ya Rufani.

Basi hata sheria ya nchi imeweka mapatano mlangoni. Wengi huzihesabu siku zile 30 kama kero ya kupita haraka. Tuzipokee kama nafasi ya kuyatenda maneno ya Mathayo 18: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha pamoja na mmoja au wawili, na baadaye mbele ya wengi.

Neno moja zaidi. Mtu anayedai ardhi yake mahakamani amewekewa muda wa miaka 12. Akikawia kupita muda huo, sheria yaweza kumfungia mlango. Wako wanaoingia katika ardhi ya mwenzao wakaanza kuhesabu miaka. Mbele ya Mungu hakuna hesabu ya namna hiyo. Wizi uliotimiza miaka kumi na miwili ni wizi uliozeeka tu.

5. Tufanye nini?

(a) Ukinunua kiwanja, waite majirani wa pande zote kabla ya kutoa fedha. Waone mipaka, nao watie sahihi katika hati ya mauziano pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Nabii Yeremia aliponunua shamba kwa shekeli kumi na saba za fedha, aliita mashahidi, akafanya hati mbili, moja ya kutiwa muhuri na moja ya wazi, akazihifadhi katika chombo cha udongo (Yeremia 32). Alifanya hivyo wakati adui amekwisha kuuzunguka mji. Sisi tulio katika amani twashindwaje?

(b) Andika kwa mita, si kwa hatua. Hatua ya mtu mrefu si sawa na ya mtu mfupi. Ukiweza, upimiwe na wapimaji ili ziwekwe bikoni. Kuing'oa bikoni ni kosa la jinai.

(c) Ukipanda wigo, ama upande pamoja na jirani juu ya mstari mliokubaliana, ama uupande ndani ya upande wako na kuacha nafasi ya kupogolea. Wigo ni kitu chenye uhai. Hunenepa, hutambaa, na baada ya miaka kumi hakuna ajuaye shina la kwanza lilikuwa wapi. Anayekata minyaa amwarifu mwenzake awaondoe watoto kwanza, kwa ajili ya ule utomvu.

(d) Fundi akivuta kamba, mwite jirani aione kabla msingi haujachimbwa. Kusogeza kamba ni kazi ya dakika moja, kubomoa ukuta ni gharama na uadui.

(e) Watoto wenu waonyesheni alama. Nao ndio watakaokuwa mashahidi.

(f) Kama wewe ndiwe uliyesogeza mpaka, urudishe. Usingoje mzee mwenye jembe.

6. Mwisho wa kisa

Siku ya tatu baada ya jiwe kuonekana, mimi na jirani yangu tulipanda gari pamoja tukaenda kwa yule mama. Yeye alipeleka fedha aliyokuwa ameizuia. Mimi nilipeleka malipo ya miaka niliyolima hatua zake mbili, na magoti yangu. Alitusikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Nilijua. Nilikuwa nikingoja uje wewe mwenyewe." Hakusema neno jingine juu ya jambo lile. Akaenda kupika ugali.

Njiani kurudi jirani yangu alinieleza kwamba kwao Kilimanjaro mpaka huonyeshwa kwa mmea uitwao isale. Na mtu aliyekosa akitaka kuomba msamaha, hupeleka jani la isale hilohilo. Si rahisi mtu kumkataa aliyemjia na jani lile. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Wazee wa Kichaga hawakuwa na mmea mmoja wa kutenga watu na mwingine wa kuwapatanisha.

Ukuta wa jirani yangu umesimama sasa, juu ya mstari wa jiwe jeupe. Tuliacha mlango mdogo wa watoto. Asubuhi hatuonani juu ya minyaa kama zamani, lakini huisikia sauti yake ng'ambo ya ukuta, naye bado huniwahi: "Mwangaluka!"

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Je, unazijua alama za mpaka wako pande zote nne? Na watoto wako wanazijua?

2. Yuko mjane, yatima au mgonjwa ambaye mpaka wake umesogezwa hapa kwetu, na sisi tumenyamaza? Tunyamaze hata lini?

3. Kwa nini mtu aliyekosa huwa mwepesi wa kulalamika kwamba ameonewa?

4. Je, parishi yetu yaweza kuchagua siku moja kabla ya Sikukuu ya Kupaa, ili tuzunguke viwanja vya kanisa na vya washiriki wanaotaka, tukiomba na kuwapatanisha waliokosana?

Sala

Ee Mungu, uliyeiweka bahari mpaka wake, na kuwapa wanadamu nchi wakae kwa majira yao: utusamehe hatua tulizoiba na maneno tuliyotupiana. Utupe ujasiri wa kurudisha kabla hatujadaiwa, na upole wa kumpokea mgeni aliye jirani yetu. Uwatetee wajane na yatima, wala usituache tuje mezani pako na ugomvi mioyoni mwetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyeubomoa ukuta wa uadui uliotutenga. Amina.